Pafu Langu na Jiko la Mama Mkwe

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema tusije tukadanganyana. Tangu nirudi kutoka Dar, watu wa huku kwetu wananiita shujaa. Wananisimamisha sokoni Mlalo, wananishika mikono yote miwili, "Zaina, wewe mwanamke wa chuma," na mimi nacheka tu. Chuma gani? Niliogopa mwaka mzima. Niliogopa nikila, niliogopa nikivuna kabichi, niliogopa nikisujudu. Ilifika mahali siku nikiamka bila hofu najiuliza, kuna nini leo?

Kwa hiyo kama unasoma haya kwa sababu na wewe unakohoa, au una mtu wako anakohoa, usitafute ushujaa humu. Nitakueleza nilivyopita, basi. Mambo ya kitaalamu waulize wenyewe.

Kwetu ni juu ya Mlalo, mahali ambapo ukungu unaingia ndani asubuhi bila kubisha hodi. Tunalima kabichi, karoti na viazi, na mahindi ya chakula. Mume wangu ni Athumani, mtoto wetu Rehema yuko chuo Korogwe, na nyumbani tunakaa na mama yake Athumani. Mimi namwita Mama. Kijiji kizima kinamwita Bibi Mwanahawa, na wengi wakimwona wanapunguza sauti kwanza.

Jiko letu liko nyuma ya nyumba, la udongo, na moto wake hauzimwi. Kuna dirisha moja dogo, lakini Mama alilisokomeza gunia zamani, kwa ajili ya baridi. Juu ya mafiga kuna dari ya miti, na kwenye miti ile yananing'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Moshi ndio unaoyalinda, fukusi hawayagusi. Mbegu ile Mama aliikuta kwa mama mkwe wake, na yule aliikuta kwa wake. Nilipoolewa, somo la kwanza kupewa halikuwa la mume. Lilikuwa la moto.

"Moto ukiwaka vizuri sana, mbegu haipati kitu," Mama aliniambia. "Tia na kuni mbichi, moshi upande juu."

Basi nikawa natia kuni mbichi, miaka yote ya ndoa yangu. Nilijifunza kupuliza huku nimefumba macho. Nikitoka nje watu wanajua nimepika nini kwa kunusa khanga yangu, nami niliona fahari kwamba mbegu ya nyumba ile iko mikononi mwangu.

Kikohozi kilianza masika. Kikavu, cha kijinga, cha kukatisha maneno. Nilisema ni mvua. Masika yakaisha, kikaendelea, nikasema ni vumbi. Kipupwe kikaingia, maji ya asubuhi yakawa yanauma vidole, nikasema ni baridi. Unaona nilivyokuwa nakitafutia majina? Kila msimu nilikipa jina jipya, na hakuna jina hata moja lililonitisha.

Huku kwetu mgonjwa wa kifua anapelekwa jikoni. Hakuna anayeitisha kikao kulijadili. Ukikohoa wakati wa kipupwe, unatandikiwa karibu na moto, kwa sababu pale ndipo penye joto, na kwa sababu watu wanaamini kifua kinahitaji kupikwa kidogo. Mama alinitandikia mwenyewe. Kitanda cha kamba, godoro, blanketi lake yeye la sufi. Halafu akawa anatupa majani ya mkaratusi kwenye makaa, yanatoa moshi mzito wenye harufu ya dawa.

"Vuta," ananiambia. "Vuta mpaka chini, mkwe wangu, kitatoka."

Nikavuta. Nililala mle kipupwe chote. Yeye akiamka kabla ya adhana ili moto usife, ananirudishia blanketi mabegani. Naomba ulikumbuke hilo unaposoma ya mbele. Hakuna mtu aliyenipenda kipupwe kile kuliko yeye.

Kipupwe kilipokuwa kinakwisha, Athumani alinipeleka Lushoto mjini kupiga picha ya kifua. Ikaonekana kivuli upande wa kulia. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini kivuli kwenye kifua kwetu huku kina jina lake, TB, na kwa kweli mara nyingi ndiyo. Nikaanzishiwa vidonge vya kifua kikuu. Sitamlaumu mtu. Ningekuwa mimi daktari ningesema hivyo hivyo.

Vidonge nilivimeza kwa imani yote. Vuli ikaja, tukaanza kuvuna kabichi. Asubuhi moja nimeinama na kisu changu, kikohozi kikanibana, nikatema. Kilidondokea kwenye jani la kabichi, jani la nje, lile kubwa lenye umande. Kilikuwa chekundu.

Nililikata jani lile haraka kabla Athumani hajageuka. Nililikunja, nikachimba kwa kisu, nikalifukia kwenye tuta, nikakanyaga. Halafu nikaendelea kukata kabichi. Nilikuwa najua, sijui nilijuaje, kwamba hii si TB. Mwili wako, unaijua sauti yake.

"Mbona umenyamaza?" Athumani akauliza.

"Nimenyamaza lini? Mimi nakata kabichi."

"Wewe hujawahi kukata kabichi kimya tangu nikuoe."

Nikakaa chini kwenye tuta nikalia, nikamwonyesha nilipofukia. Kesho yake tukarudi Lushoto. Picha ya pili kivuli kilikuwa kimekua. Daktari aliiangalia, akavua miwani, akasema niende Dar.

Dar tulifikia kwa wifi yangu Mwanaidi, dada yake Athumani, anakaa Mbagala. Nitakueleza habari za vyumba vya kusubiria, kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi. Unakaa. Unakaa kwenye benchi mpaka makalio yanakufa ganzi. Unajifunza kusoma nyuso za wanaotoka kwenye mlango wa daktari. Wanaotoka wanalia si wa kuogopa sana, hao wameshaambiwa. Mimi niliwaogopa wanaotoka wakitabasamu na kukunja karatasi taratibu. Unasikiliza majina, na kila jina si lako unashukuru, kisha unaona aibu kwamba umeshukuru.

Waliingiza sindano ndefu mgongoni kuchukua kinyama. Tukasubiri tena. Hofu ya kusubiri jibu ni mbaya kuliko hofu ya jibu, hilo nakuambia kwa kinywa kipana. Nilikuwa nakosa hewa nimekaa. Vidole vyangu navyo vilikuwa vimebadilika, ncha zimevimba, kucha zimejikunja kuelekea chini, nami siku zote nilidhani ni jembe.

Daktari alikuwa mwanamke, kijana, anamzidi Rehema miaka michache tu. Aliniamkia shikamoo kabla hajaniambia, na ile shikamoo ndiyo iliyonimaliza. Mtu hakuamkii kwa upole ule kama ana habari njema.

"Mama, ni saratani ya pafu."

Athumani akanishika goti. Mimi nikauliza swali la kipumbavu, nikauliza kama tutawahi basi la saa sita.

Akasubiri nitulie. Kisha akauliza, "Umewahi kuvuta sigara, Mama?"

"Mimi? Nivutie wapi?"

"Na Baba?"

"Huyu? Huyu hata ugoro unampigisha chafya."

"Nyumbani mnapikia nini?"

"Kuni."

"Jiko lina dirisha?"

"Lipo. Limezibwa gunia."

Akaandika. Nikamuuliza mwenyewe, ndiyo moshi? Akasema, "Huenda. Moshi wa kuni wa miaka mingi unaweza. Lakini wapo waliopikia kuni maisha yao yote hawana kitu, na wapo wanaoumwa hawajawahi kukaa jikoni. Siwezi kukuapia." Nilimheshimu kwa hilo. Akanieleza kwamba saratani ya mapafu ina aina zake. Iko ya chembe ndogo ndogo, hiyo inakimbia, ikionekana mara nyingi imeshafika mbali. Na iko hii nyingine, inakwenda polepole. Yangu ilikuwa ya pili, na ilikuwa bado imekaa pafu moja.

"Kwa hiyo yangu inatembea," nikasema.

"Inatembea."

"Na anayetembea si anafika pia?"

Alicheka, masikini, hakutaka kucheka. "Anafika asipozuiwa, Mama. Sisi tutamzuia njiani." Dripu za dawa kwanza, kuipunguza. Kisha upasuaji. Na moshi, marufuku kabisa.

Dripu zilianza wakati wa joto, Januari ya Dar ambayo kwa mtu wa milimani ni adhabu nyingine peke yake. Chumba cha dripu kina viti vimepangwa kando ya ukuta, na dirisha kubwa. Nje ya dirisha kuna mwarobaini umejaa kunguru. Siku ya kwanza muuguzi alinifunga mkono, anautafuta mshipa, nami nimeukodolea macho mkono wangu, jasho linanitoka. Kiti cha pili alikaa mzee mmoja wa Magoma, mfanyabiashara wa mahindi, Mzee Saidi. Nilipojua ni wa Magoma nikajisikia nimekutana na ndugu, maana Magoma ni pale tu chini ya milima yetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Usiangalie mkono," akasema. "Mkono una wenyewe sasa. Angalia kunguru."

Nikaangalia kunguru. Walikuwa wanagombania kipande cha chapati. Sindano ikaingia sijui saa ngapi.

Mzee Saidi alikuwa amevuta sigara tangu ujana na hakuwa na haya kusema. "Mimi yangu nimeinunua mwenyewe, pakiti kwa pakiti. Wewe umepewa bure." Yake ilikuwa ile inayokimbia. Tulicheka sana wawili sisi, mpaka muuguzi akatuambia tupunguze sauti. Nilianza kuingoja siku ya dripu kwa sababu yake, fikiria.

Baada ya dripu mwili ulikuwa si wangu. Kinywa kilikuwa na ladha ya msumari. Nywele zilitoka na kitana, lakini nywele mtu anazificha ndani ya ushungi. Nyusi ndizo zilizonitoa machozi, huwezi kuvaa ushungi wa nyusi. Kucha zikawa nyeusi. Khanga niliyokuwa naifunga mara moja ikawa inanizunguka mara mbili na inabaki. Nyumbani kwa wifi nikaona kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono, kisichanganywe na vingine.

"Wifi, hii haiambukizi," nikamwambia.

"Najua," akasema, bila kunitazama. "Lakini nina watoto."

Uzi ukabaki. Iliniuma kuliko sindano. Lakini niseme na hili pia, maana ni haki yake. Baada ya dripu ya pili nilitapika hadi nikalala sakafuni. Mwanaidi akaniinua, akaniosha uso, akanipa uji. Nikanywa mafundo mawili nikashindwa. Akachukua kikombe kile kile chenye uzi, akanywa uji uliobaki wote, mbele yangu, amenikazia macho kama mtu anayegombana. Kisha akaukata uzi kwa meno. Hatukuzungumza habari hiyo tena.

Dripu ya tatu, kiti cha Mzee Saidi kilikuwa na mtu mwingine. Nikamuuliza muuguzi. Akawa anaibandika plasta mkononi mwangu, anaibandika na kuibandika tena, ilhali imeshashika. "Amepumzika, Mama," akasema. Niliwaangalia kunguru peke yangu.

Katikati ya dripu walikuwa wananiruhusu kurudi nyumbani. Masika yalikuwa yameanza. Nilishuka kwenye basi nimechoka, baridi imeniingia mifupani, maana dawa zile zinamfanya mtu ahisi baridi hata juani. Nikaingia uani. Na jikoni, karibu na mafiga, kitanda cha kamba kilikuwa kimetandikwa. Godoro limeanikwa. Blanketi la sufi limefuliwa. Mama amesimama mlangoni, moshi unamtoka mgongoni, amefurahi kuniona hadi midomo inamcheza.

"Karibu mkwe wangu. Njoo uote moto."

Unajua, nilitaka kuingia. Nilikuwa na baridi, na pale palikuwa na joto, na mtu aliyenipenda ndiye aliyepatandika. Nikabaki nimesimama kwenye manyunyu.

"Mama, nitalala ndani."

"Ndani kuna baridi."

"Daktari amekataza moshi."

"Moshi?" Akageuka akaangalia nyuma yake kana kwamba kuna mtu. "Moto huu umenilelea watoto saba. Baba yao alipoumwa kifua alilala hapa akapona. Nani amekuambia maneno hayo?"

Ndipo Athumani, ambaye hajui kusema jambo nusu, akatua begi akasema, "Mama, moto huo ndio uliomuumiza."

Hakuna aliyesema hivyo. Daktari alisema huenda. Nilimfinya mkono lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mama alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, nyusi zangu ambazo hazipo. Akaongea Kishambaa, taratibu sana, kwamba basi yeye ndiye mchawi. Akaingia jikoni akafunga mlango.

Tangu siku hiyo mlango ule ukawa unafungwa. Alipika humo, akaleta chakula mpaka kizingiti cha nyumba, akaweka chini, akaondoka. Bada, ugali laini wa muhogo, na mlenda, vitu ambavyo alijua vinapita kooni. Nikimwamkia anaitikia marahaba na uso uko pembeni. Chumbani kwangu haingii. Nilikuwa nalala nimejifunika mablanketi matatu, nasikia mlango wa jiko unafungwa, najiambia, utakufa Zaina na mama yule amekununia. Hiyo ilikuwa hofu juu ya hofu. Nilimwomba Mungu anipe muda, si wa kupona tu, wa kutafuta la kumwambia. Sikulipata. Nilijaribu mara moja kusogea mlangoni, nikasikia ndani anajikohoza, nikadhani ananifukuza.

Upasuaji ulikuwa kipupwe, Dar. Walitoa kipande cha chini cha pafu la kulia. Nilipokuwa nasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu niliomba tusimame, nikamwambia Athumani asimuuze ng'ombe wetu mweusi, hata sijui kwa nini. Nilipoamka nilikuwa na mpira ubavuni unaochirizisha maji mekundu kwenye chupa, na maumivu ambayo sitayaeleza, utakapoyafikia utayajua na yatapita. Kilichonitisha zaidi ni pumzi. Unavuta, inafika mahali, inagonga ukuta. Nilidhani wamesahau kuniachia pafu.

Walinipa chupa ya maji yenye mpira, nipulize mapovu, ili kifua kifunguke. Wagonjwa wenzangu walikuwa wanashindwa. Mimi nilifumba macho nikapuliza, taratibu, bila kukata. Kijana anayetufanyisha mazoezi akashangaa.

"Mama, umejifunzia wapi kupuliza hivyo?"

"Jikoni," nikasema, nikacheka, na kucheka kukaniuma mpaka nikalia.

Nilirudi nyumbani vuli. Nikapita uani, nikasimama. Jiko lilikuwa halina ukuta upande wa bondeni. Umebomolewa wote, udongo umesombwa, zimebaki nguzo tu, na kupitia pale unaona mashamba hadi chini kabisa. Juu ya mafiga dari ilikuwa tupu. Hakuna hindi hata moja. Miti myeusi tu.

"Nani amefanya hivi?" nikamuuliza Athumani.

"Yeye mwenyewe. Jirani wanasema alianza asubuhi ile ya upasuaji wako. Alichukua jembe akaanza kupiga. Walipomuuliza, akazidi kupiga."

"Na mbegu?"

"Aliitia kwenye ndoo na majivu. Fukusi wamekula karibu yote."

Mama alikuwa ameinama kwenye mafiga, upepo wa bondeni unamzimia moto, anaulaani kwa Kishambaa. Mbegu ya mama mkwe wa mama mkwe wake. Nikaenda nikachuchumaa upande ule wenye upepo, mbali kidogo, ili moshi uende kule, nikamwambia shikamoo.

"Marahaba. Umekonda," akasema.

"Umebomoa ukuta, Mama."

"Ulikuwa mbovu."

Halafu nikasikia kikohozi. Kikavu, cha kijinga, cha kukatisha maneno. Nikajishika kifua. Mwaka mzima nimekuwa nikikisikiliza kikohozi kile, naamka nacho, nakiota, nikajua kimerudi. Nikasubiri maumivu ya mshono, maana nikikohoa mshono lazima uume. Mshono haukuuma.

Hakikuwa changu. Mama alikuwa ameweka ncha ya khanga mdomoni na mabega yanamruka.

Ndipo nikaelewa ule mlango uliokuwa unafungwa.

"Tangu lini, Mama?"

"Ni upepo. Umeuona ukuta haupo."

"Ukuta ulikuwepo masika. Nilikusikia."

Niliongea wiki nzima. Nilibembeleza, niligomba, nilimwita Athumani, Athumani akapiga kelele ikawa mbaya zaidi. Mwisho nilimfuata akichambua maharage, nikakaa chini nikamwambia, "Mama, twende tukapige picha. Na mimi napiga, ni siku yangu ya kuangaliwa. Tupige wote."

Akaendelea kuchambua. Anatoa mabaya, anatoa na mazima, anachanganya.

"Naogopa, Zaina," akasema.

Bibi Mwanahawa huyo. Ambaye wanaume wanampunguzia sauti.

"Na mimi," nikasema.

Lushoto tulikaa benchi moja. Safari hii nilikuwa nasikiliza majina mawili. Alipoitwa, akanipa ushungi wake nimshikie, akaingia kichwa wazi, nywele nyeupe zimesukwa mistari midogo ambayo sikuwahi kuiona mchana. Picha yangu ilikuwa safi. Daktari alisema safi, nirudi baada ya miezi mitatu, na nilitaka kuruka. Halafu akaibandika ya pili kwenye kioo chenye mwanga.

"Bibi ana kivuli hapa."

Makohozi yamepimwa, hayana TB. Safari hii hakuna aliyesubiri. Wamemwandikia rufaa ya Dar, na Jumatatu tunashuka, mimi na yeye. Huenda ni moshi tu umeganda. Huenda ndiyo yenyewe. Nikisema siogopi nitakuwa nakudanganya, na tuliahidiana mwanzo.

Mama hajui kusoma. Haya yote nimemsomea leo mchana barazani, tangu neno la kwanza, ili ayajue yaliyoko mbele kabla hajayakuta. Alisikiliza, mikono imelala mapajani. Nilipofika pale pa mlango kufungwa akaniambia nimeongopa, hakununa, alikuwa hataki tu nimsikie. Nilipofika pa ukuta akasema ulikuwa mbovu kweli. Nilipomaliza akakohoa, akajifuta, akatazama mashambani.

"Wale kunguru," akasema. "Bado wapo?"

"Wapo, Mama."

"Kiti chenye kuwaona kinapatikana?"

"Nitakiwahi."

Akatikisa kichwa kukubali. "Na mkono je? Mimi nikiangalia kunguru, mkono nani anauangalia?"

"Mimi," nikamwambia. "Nitakaa upande huo."